Roho Tatu

Nakaa Nakwa, pembezoni mwa mji wa Babati, mahali ambapo bahari ni neno la kitabuni. Ushairi niliupata kwa vitabu vilivyochakaa na kwa kusikiliza redio, bila mwalimu, na kila nilipotuma beti zangu huko visiwani nilikuwa na hofu ya mtu wa bara: kwamba vina vimetimia na mizani imetosheleza, lakini chumvi haimo. Leo situmi beti. Nataka kueleza habari ya mchezo wa kompyuta, na najua wapo wasomaji watakaokunja uso. Nawaomba wanivumilie. Katika mchezo huo nilifanya kosa la tafsiri, dogo kama kosa la irabu, na nilikuja kulitambua nikiwa nimechelewa.

Mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake hapa Babati aliniuzia kompyuta kuukuu kwa thamani ya mbuzi wawili. Nyumbani kwangu umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo niliiweka katika chumba nilichopanga mjini, nyuma ya duka la mbegu, na huko ndiko nilikoshinda alasiri nyingi nikitafsiri vijitabu vya kilimo na afya vilivyonipa riziki. Ndani ya kompyuta ile, miongoni mwa vitu ambavyo mwenyewe hakujishughulisha kuvifuta, ulibaki mchezo uitwao Boulder Dash.

Jina hilo lilinishinda, na hadi leo linanishinda. Neno la kwanza ni jabali. La pili ni mbio za ghafla, mtu achomokapo kama aliyeona nyoka. Ukisema “Mbio za Majabali” umeyapa mawe miguu. Ukisema “Kimbia Jabali” umetoa amri ambayo wenyewe hawakuitoa. Juu ya hayo, maneno yote mawili yakitamkwa kwa pamoja yanagongana na neno jingine la Kiingereza lenye maana ya upuuzi, na mzaha huo hauvuki mpaka wa lugha hata ukiulipia ushuru. Nimeliacha lilivyo.

Mchezo wenyewe ulitolewa mwaka 1984 na kampuni ya First Star Software ya New York, kwanza kwa ajili ya kompyuta za Atari. Waliouunda ni watu wawili wa Kanada: Chris Gray aliyeleta wazo la mwanzo, na Peter Liepa aliyelichukua wazo hilo akalijenga upya toka msingi. Ulipendwa, ukazaa mfululizo. Wa pili ulifuata mwaka 1985, na mwaka 1986 ukatoka ule uliompa mchezaji zana za kujitengenezea mapango yake mwenyewe.

Kanuni zake ni chache. Kijitu kiitwacho Rockford kimo ndani ya ardhi, na ardhi imekatwa wima kama papai ili uone yaliyomo. Kijitu huchimba kwa kupita tu. Kilipopita panabaki uwazi. Ndani ya udongo mna majabali na mna almasi. Pango la kwanza linakutaka uokote almasi 12 katika sekunde 150, ndipo mlango wa kutokea ufunguke. Na jabali, msomaji, halina chuki na mtu. Litakaa mahali pake mpaka kiama maadamu chini yake pana udongo. Ukiuondoa udongo, linaanguka. Likiangukia mgongo wa jabali jingine, linabingirika kando ikiwa kando pana nafasi. Katika pango lile la kwanza hakuna adui mwingine. Kinachokuua ni njia uliyoichimba kwa mkono wako, na aghalabu ni ile uliyoichimba mapema, ukaisahau.

Mapango ya mbele yana viumbe. Kuna vimulimuli wanaozunguka bila kuchoka, na kuna vipepeo ambao ukimwangushia mmoja jabali, anapasuka akawa almasi tisa. Kuna ukuta wa ajabu: jabali likipenya ndani yake hutoka chini likiwa almasi, ila kwa muda mfupi, muda ukiisha ukuta unakufa, na ukuta uliokufa humeza kila kinachouangukia wala hautoi kitu. Rockford mwenyewe ukimwacha bila kazi hupepesa macho na kugongagonga mguu chini, kama fundi anayemngoja mwenye nyumba alete saruji.

Kilichonivuta mimi kama mshairi ni jambo nililolisoma baadaye. Kompyuta za miaka ile zilikuwa na kumbukumbu finyu mno, hata ikawa mapango kama hayo hayangeweza kuhifadhiwa yote kwa ukamilifu wake. Basi Liepa alihifadhi tarakimu chache, kama mbegu, pamoja na kanuni ya kuziotesha. Mchezaji akifika pangoni, mbegu inapandwa, na mawe yanajipanga. Na kila mara yanajipanga vilevile, jiwe kwa jiwe. Nani miongoni mwetu asiyeijua kazi hiyo? Mghani wa utenzi hakuzibeba beti elfu kichwani mwake kama mpagazi abebavyo magunia. Alibeba mizani minane, vina vya ubeti, kina cha bahari kinachorudi kila kituo, na kisa. Mengine yaliota yenyewe mdomoni. Nilikaa siku nyingi nikifurahia ulinganisho huo. Niliona nimepata kitu cha kuandikia makala, na pengine ningeiandika, kama nisingekuwa na mpwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa na miaka kumi na minne. Alitumwa kuniletea chakula toka Nakwa, makande katika bakuli lililofungwa kitambaa, na akishafika hakuondoka. Kwa mchezo ule alikuwa hodari kuliko mimi mara kumi. Mimi niliona mawe. Yeye aliona mawe na mahali yatakapokuwa baada ya hatua tatu. Kiingereza hakukijua bado, akawa ananiuliza kila neno lililotokea kiooni: “Mjomba, hapa wanasemaje?” Nami nilifurahi kuulizwa, maana mtafsiri wa vijitabu vya mbolea haulizwi na mtu.

Mwanzo wa kila pango maandishi yalitokea kumweleza mchezaji hali yake. Kwa Kiingereza yalisema kwamba amebakiwa na watu watatu. Watu, wanaume. Akifa mmoja, yanasema wawili. Nilipoulizwa, nikasita kidogo, kwa sababu “watu watatu” ilinigonga kama lugha mbovu: pangoni mna mtu mmoja tu, hao wengine wako wapi? Nikafanya kile tunachojivunia watafsiri, nikalitafutia wazo mavazi ya Kiswahili. Kwetu husemwa kwamba paka ana roho saba. Nikamwambia: “Ana roho tatu.”

Akalipenda neno. Tangu siku ile chumba kile kidogo kikawa hakina lugha nyingine. Roho moja imekwenda, mjomba. Bado roho mbili. Tukirudi Nakwa jioni, kwa miguu, alikuwa akinieleza jinsi roho yake ya mwisho ilivyopotea kwa jabali alilolisahau, na mimi nilimsikiliza nikiona fahari, kwa maana nilijua neno lile ni langu.

Mwaka 2006, akiwa na miaka kumi na saba, aliacha shule akaenda Mirerani.

Kwa msomaji asiyeijua njia: Mirerani imo katika mkoa wetu huu wa Manyara, wilayani Simanjiro, lakini toka Babati hatuiendei moja kwa moja. Tunapanda kwa Makuyuni hadi Arusha, kisha tunafuata barabara ya Moshi, na karibu na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro tunageuka kulia. Huko kuna vilima vyenye urefu wa kilomita chache tu ambavyo, kwa kadiri dunia inavyojua, ndiyo ardhi pekee inayochimbwa tanzanaiti. Jiwe hilo lilitambulika mwaka 1967. Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua rasmi na kumtunza mwaka 2018 kuwa ndiye mvumbuzi wake, alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Wataalamu waliliita zoisaiti ya buluu. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyolipa jina la tanzanaiti mwaka 1968, na husimuliwa kwamba waliikwepa ile zoisaiti kwa kuwa masikioni mwa Mmarekani ilikaribia mno neno la kujiua. Sina haja ya kusema ninavyokipenda kisa hicho. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia isiyo na haya. Hutiwa motoni ndipo buluu ikajitokeza.

Wachimbaji wa Mirerani wana Kiswahili chao, na mtu anayejiita mshairi angefaa kwenda kukisikiliza. Wao ni wanaapolo, jina linalosemwa kuwa limetokana na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Wenzao walipaa, wao wanazama, lakini safari ni moja ya kuiacha dunia. Mgodi ukitoa vito, haukutoa, umetema. Njia mbili za wamiliki wawili zikikutana chini kwa chini, huo ni mtobozano, na neno lenyewe lina sauti ya kitu kinachotoboka. Vijana wadogo waliokuwa wakipenya katika vijitundu ambamo mtu mzima haenei waliitwa nyoka. Mpwa wangu hakuwa nyoka. Alikwisha kuwa mrefu. Alikuwa mwanaapolo wa kawaida, wa kupewa chakula na ahadi ya mgawo siku mgodi utakapotema. Mshahara hapakuwa nao, kama ilivyokuwa kwa wengi.

Alipokuja likizo ya Krismasi nilimwuliza, kwa upumbavu wangu, kama kazi inafanana na ule mchezo. Akacheka sana. Akasema katika mchezo almasi unaziona. Umekaa kitini, unaziona zote zinameta, shida yako ni namna ya kuzifikia. “Sisi namna tunaijua, mjomba. Baruti tunayo, moko tunao, kamba tunayo. Tusichokijua ni wapi.” Alisema mtu anaweza kuchimba miaka minane akapita karibu na kito, hatua moja toka bega lake, asikijue. Alisema pia kwamba giza la kule si kama giza la usiku wa Nakwa. Tochi ikizimika unaanza kuwa na shaka kama macho yako yako wazi.

Mwishoni mwa Machi 2008 mvua kubwa ilinyesha Mirerani, maji yakaingia migodini na wachimbaji wengi, makumi, wakafa chini. Haikuwa mara ya kwanza. Miaka kumi kabla, Aprili 1998, katika mvua za El Nino, maji yalikwisha kufanya hivyo hivyo, na watu walikufa wengi. Ardhi iliyotobolewa huku na huku haina ukuta; maji yakiingia kwa jirani yatafika kwako.

Habari tuliipata redioni. Simu ya mpwa wangu haikupatikana. Dada yangu alikuja kuketi uani kwangu Nakwa, hakulia, aliketi tu akiitazama barabara. Siku ya kwanza nilikaa naye. Siku ya pili nilisema nina kazi mjini, nikaenda kujifungia chumbani nyuma ya duka la mbegu, na kwa sababu ambayo siwezi kuieleza kwa heshima, nikaiwasha kompyuta na kufungua mchezo ule. Pango la kwanza likatokea. Juu yake yakatokea maandishi kwamba nina watu watatu.

Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara mia. Siku ile niliyasoma kama yalivyoandikwa. Mwenye kuandika hakuwa amesema mtu mmoja ana roho tatu. Alisema mchezaji ana watu. Yule anayepondwa na jabali amekufa, kwisha habari yake. Anayesimama pale alipoanzia mwenzake ni mtu mwingine, amevaa nguo zilezile, anagongagonga mguu vilevile, na aliyeketi kitini hamjui tofauti. Lugha niliyoiona mbovu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeirembesha, nikaondoa maiti wawili ndani ya sentensi, nikampa mtoto paka.

Siku ya tatu alipiga simu, kwa simu ya mtu. Usiku ule hakuwa zamu; alikuwa juu, analala kwa homa. Mwenzake waliyekuwa wakipokezana alikuwa chini. Dada yangu alipopewa simu ndipo alipolia. Mimi niliongea naye baada ya wiki mbili, nikamwuliza wanaendeleaje, akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: “Nafasi yake imeshapata mtu, mjomba.”

Alikaa huko hadi mwaka 2011. Mgodi wao ulitema mara moja, kidogo. Mgawo wake ulitosha kufungua duka la vipuri vya pikipiki mjini Babati, na duka hilo lipo, linamlisha. Mirerani imebadilika tangu aiache. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta unaouzunguka machimbo, kilomita 24.5, uliojengwa na jeshi ili vito visitoroshwe. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9 na ushei na jingine la kilo 5 na ushei, kwa shilingi bilioni 7.7, na wiki ile Babati nzima haikuzungumza jambo jingine. Vijana walikuja dukani kumwuliza mpwa wangu njia ya kwenda. Aliwaambia nauli ni kiasi gani, basi.

Nilimwungamia mwaka huo huo. Nilichukua muda mrefu kujiandaa, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilimweleza habari ya watu na roho, kwamba nilimtafsiria vibaya, kwamba alikwenda kule akiwa na hesabu isiyo ya kweli kichwani na hesabu hiyo niliitia mimi. Alikuwa anafunga mnyororo wa pikipiki, hakuacha.

“Mjomba,” alisema, “unadhani nilikwenda kwa sababu ya neno?”

Sikujibu.

“Mwaka ule mvua haikunyesha. Mahindi ya mama yalikauka, ada ilikuwa haijalipwa, na wewe mwenyewe ulikuwa unadaiwa kodi ya kile chumba. Niliona gari linakwenda, nikapanda.” Akapangusa mikono. Akaniambia, bila ukali, kwamba sisi watu wa maneno tunapenda kuamini kuwa maneno yetu ndiyo yaliyoua au yaliyoponya, kwa sababu hiyo inatuweka katikati ya habari, ilhali katika habari hii mimi nilikuwa kando tu, nikila makande.

Nimelifikiri jibu lake kwa miaka kadhaa na sijaamua. Upande mmoja najua ana haki: ukame hauhitaji mtafsiri. Upande wa pili namkumbuka yule mtoto wa miaka kumi na minne kwenye njia ya Nakwa, giza likiingia, akihesabu kwa vidole roho alizobakiwa nazo, na siwezi kujilazimisha kuamini kwamba neno linaloingia mtoto katika umri ule hupita bila kuacha kitu. Vilevile sijui kama ningemwambia “watu watatu” angelipata nini ndani yake. Pengine angecheka Kiingereza changu. Nilijaribu kuyatia hayo katika shairi. Beti sita zilitoka, vina vikiwa safi, na kila ubeti ulikuwa unanihurumia mimi. Nikazichana.

Mchezo ule, kama ilivyo desturi ya vitu vya namna hiyo, haukuzeeka. Umeingia katika simu, una rangi nyingi na muziki mwingi kuliko nipendavyo, lakini jabali bado ni jabali. Binti wa mpwa wangu ana miaka tisa. Jumapili iliyopita walikuja kunijulia hali. Umeme sasa upo nyumbani, na mtoto alikaa chini ya dirisha akiicheza simu ya baba yake. Alikwama. Alikuwa ameuchimba udongo chini ya jabali, akaingia mwenyewe, na jabali likawa limekaa juu ya kichwa cha kijitu, limetulia, kama mtungi juu ya kichwa cha mama.

“Babu, hapa nafanyaje?”

Nilivaa miwani, nikainama nitazame. Kabla sijapata la kusema, baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na ambaye kwa miaka yote hii sijamwona akiugusa mchezo ule, akasema toka kule kule, hata kioo hakukiona vizuri:

“Usishuke, mama. Ukishuka linakufuata. Toka kwa pembeni.”